Mkono wa Jahili katika Kilele: Historia Fupi ya Masimulizi ya Michezo ya Video

Utangulizi

Ni nadra mtihani wa fasihi kupita bila swali la wahusika. Mtahiniwa huombwa aeleze sifa na umuhimu wa mhusika fulani. Iwapo mhusika huyo ni mbaya, sifa hutiririka bila tabu: katili, mlafi, mnafiki, msaliti, mwenye tamaa. Afikapo kwenye umuhimu, mtahiniwa yuyo huyo hukwama. Aghalabu huandika sentensi moja tu, kwamba mhusika huyu ni kielelezo cha watu waovu katika jamii. Jibu hili si kosa, ila laweza kuandikwa kuhusu mwovu yeyote wa kitabu chochote. Halimwonyeshi mtahini kwamba mtahiniwa ameisoma kazi anayoizungumzia.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba umuhimu wa kwanza wa jahili, yaani mhusika mwovu anayempinga shujaa, umo katika msuko. Katika masimulizi mengi yaliyosukwa vyema, jahili ndiye atendaye lile tendo linalokiamsha kilele. Shujaa hujibu tu. Jahili akiondolewa, hadithi hupoteza mtu wa kuchukiwa, na juu ya hilo hupoteza njia ya kufikia mwisho wake.

Ushahidi wetu tumeutoa katika uwanja ambao walimu wengi huuona kuwa kipoteza wakati, lakini ambao wanafunzi wengi wanaufahamu: michezo ya video. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, sanaa hii ni changa. Safari yake yote, kutoka mchezo usio na hadithi hadi hadithi yenye kina, imetendeka katika muda wa takriban nusu karne, kwa hivyo yawezekana kuona hatua kwa hatua jinsi watunzi walivyojifunza kumtumia jahili. Pili, mchezaji hakai kando kama msomaji wa riwaya. Yeye ndiye anayemwongoza shujaa kwa vidole vyake. Kwa istilahi za fasihi simulizi, yeye ni hadhira tendi. Jahili anapomhadaa shujaa, mchezaji pia huhadaika, na athari yake huonekana wazi zaidi kuliko kwenye ukurasa.

Ufafanuzi wa istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo wanafunzi huyachanganya. La kwanza ni chanzo cha mgogoro: tendo linalovuruga utulivu wa mwanzo. La pili ni kichocheo cha kilele: tendo linalofanya pambano la mwisho lisiweze kuepukika wala kuahirishwa. La tatu ni hatima: jinsi pambano hilo linavyomalizika na nani analimaliza. Mhusika mmoja aweza kuyatenda yote matatu, au kila tendo likawa na mwenyewe. Historia tunayoisimulia hapa ni historia ya jinsi tendo la pili, yaani kichocheo cha kilele, lilivyohamia mikononi mwa jahili.

Hatua ya kwanza: Mgogoro usio na mwisho

Mnamo mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Safu za maadui kutoka anga za mbali hushuka polepole kuelekea chini, na mchezaji huwafyatulia risasi. Kadiri wanavyopungua ndivyo waliosalia wanavyoongeza kasi. Hali hii ilitokana na mashine yenyewe: vitu vya kuchorwa kwenye skrini vilipopungua, mashine iliweza kuvichora upesi zaidi. Nishikado aliiacha hivyo, na taharuki ikapatikana.

Hata hivyo, mchezo huu hauna msuko. Mchezaji akiimaliza safu moja, nyingine huja. Hakuna ushindi wa mwisho. Kinachoweza kumalizika ni maisha ya mchezaji tu. Maadui hawana jina wala nia. Tuna mgogoro na tuna taharuki, lakini hatuna kilele, na kwa hivyo hatuna jahili kwa maana halisi ya neno hilo. Hapa mwalimu anapata funzo la kwanza: upinzani peke yake hauundi jahili. Jahili huhitaji nia, na nia huhitaji jambo linalokusudiwa.

Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ilileta Donkey Kong, kazi ya Shigeru Miyamoto. Sokwe mkubwa anamteka mwanamke na kupanda naye juu ya jengo linaloendelea kujengwa, naye fundi seremala, ambaye baadaye angejulikana duniani kote kwa jina la Mario, anapanda kumfuata. Kuna hatua nne. Katika hatua ya mwisho, fundi anaziondoa ribiti zinazoshikilia jengo, na sokwe anaanguka. Kwa mara hii tunaona mwanzo, kati na mwisho. Ila tutazame nani anatenda nini. Sokwe ndiye chanzo cha mgogoro. Kilele na hatima ni kazi ya shujaa. Baada ya kumteka mwanamke, sokwe hubakia kurusha mapipa na kukimbilia juu zaidi.

Hatua ya pili: Jahili anayengoja

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilipanua mpango huu bila kuubadilisha. Mchezo wote ulitoshea katika kaseti ya kilobaiti 40, ukubwa ambao leo hautoshi hata picha moja ya kawaida ya simu. Mna dunia nane, na kila dunia huishia katika ngome. Katika ngome saba za kwanza mchezaji humkuta mtumishi badala ya binti mfalme anayetafutwa. Katika ya nane, jahili Bowser amesimama juu ya daraja. Mchezaji akiligusa shoka lililo nyuma yake, daraja hukatika naye hutumbukia.

Bowser anangoja tu. Mchezaji akichukua saa moja au mwezi mzima, atamkuta palepale darajani. Kwa lugha ya uhakiki tungesema kuwa yeye ni mhusika bapa, lakini ubapa si kasoro yake kubwa. Kasoro kubwa ni kwamba hatima ya hadithi haitegemei uamuzi wake wowote. Tukimweka jiwe kubwa mahali pake, msuko hautatikisika sana.

Dalili ya kwanza ya mabadiliko ilionekana mwaka 1986 katika Dragon Quest, mchezo ulioandikwa na Yuji Horii. Shujaa anapofika mbele ya mfalme wa mazimwi, hapigwi papo hapo. Mfalme huyo humpa pendekezo: waungane, naye shujaa apewe nusu ya ulimwengu. Mchezaji huulizwa akubali au akatae. Akikubali, safari yake huishia hapo kwa hasara. Jahili bado anangoja katika kasri lake, lakini sasa anazungumza, ana hoja, na anamlazimisha mchezaji kuamua. Kilele kimeanza kuwa na sauti ya jahili ndani yake.

Hatua ya tatu: Jahili anayeshinda katikati ya hadithi

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1994 na Final Fantasy VI ya kampuni ya Square. Mchezo huu, ulioongozwa na Yoshinori Kitase na Hiroyuki Ito, una wahusika 14 wanaoweza kuchezwa na jahili mmoja asiyesahaulika, Kefka Palazzo. Mwanzoni Kefka haonekani kuwa mtu wa kuogopwa. Ni mtumishi wa Mfalme Gestahl, amevaa na kupakwa rangi mithili ya mchekeshaji wa baraza, na kicheko chake kinakera kuliko kutisha. Tunaelezwa kuwa alifanyiwa majaribio ya awali ya kutiwa nguvu za uchawi, na majaribio hayo yakamharibu akili. Baadaye anautia sumu mto wa ngome ya Doma, na watu wa ndani wanakufa, akiwemo mke na mtoto wa mmoja wa mashujaa. Hapo kicheko hubadilika maana.

Mchezaji wa wakati huo alitarajia kwamba Gestahl ndiye adui wa mwisho. Ishara zote zilimwelekeza huko: Gestahl ana jeshi, ana kiti cha enzi na ana azma ya kuutawala ulimwengu. Wanapofika penye sanamu tatu zenye nguvu za uchawi, katika nchi inayoelea angani, Kefka anamuua bwana wake na kuziondoa sanamu hizo mahali pake. Mizani ya ulimwengu inavurugika, ardhi inapasuka, miji inateketea na mashujaa wanatawanyika.

Tuzingatie kwamba tukio hili linatokea katikati ya hadithi. Jahili ameshinda. Mwaka mmoja baadaye mmoja wa mashujaa, Celes, anazinduka katika kisiwa kidogo, akiwa na mzee mgonjwa tu, na uhai wa mzee huyo unategemea samaki ambao mchezaji atamvulia na kumlisha. Kuanzia hapo mchezaji anazunguka katika ulimwengu ulioharibika akiwatafuta wenzake mmoja mmoja. Kefka yuko juu ya mnara wake, akiichoma kwa mwali wa nuru miji inayothubutu kumpinga.

Tendo la kuziondoa sanamu ndilo kichocheo cha kilele. Kabla yake, vita vilikuwa vya dola moja dhidi ya waasi wake, na vingeweza kumalizika kwa mapatano. Baada yake, hakuna mapatano yanayowezekana. Fauka ya hayo, tendo hilo linabadilisha swali la hadithi yote. Mwanzoni swali lilikuwa, je, dola itashindwa? Sasa ni, je, kuna sababu ya kuishi katika ulimwengu ambao tayari umeharibiwa? Katika pambano la mwisho Kefka anashikilia kwamba hakuna, na mashujaa wanamjibu kila mmoja kwa jambo alilolipata. Dhamira ya kazi nzima inachimbuka kutokana na tendo la jahili.

Jambo jingine la kustaajabisha ni kwamba mchezaji halazimiki kuwakusanya wote 14. Anaweza kuupanda mnara akiwa na wachache tu. Jahili amelazimisha kilele, ila hajaamua nani atakuwepo. Upweke au umoja wa mwisho huo ni uamuzi wa mchezaji.

Hatua ya nne: Mkono wa shujaa unapotumiwa

Kati ya mwaka 1997 na 1998 zilitoka kazi tatu zilizoongeza jambo jipya: jahili hakiamshi kilele kwa mkono wake mwenyewe, bali kwa mkono wa shujaa. Maendeleo ya mitambo yalisaidia. Final Fantasy VI ilikuwa katika kaseti ya megabaiti 3. Final Fantasy VII, iliyotoka mwaka 1997, ilijaza CD tatu, kila moja ikiwa na nafasi ya mamia ya megabaiti. Watunzi walipata nafasi ya picha zinazotembea, muziki mrefu na mazungumzo mengi, na hadaa huhitaji mazungumzo.

Katika Final Fantasy VII, jahili Sephiroth anakitafuta kito cheusi chenye uwezo wa kuita kimondo kitakachoijeruhi dunia. Shujaa, Cloud, anafanya bidii kukizuia kito hicho kisimfikie. Lakini akili ya Cloud ina jeraha, na Sephiroth anajua mahali pa kuligusa. Mara mbili Cloud mwenyewe anamkabidhi kito. Baada ya mara ya pili, kimondo kinaitwa na kinaning'inia angani hadi mwisho wa hadithi, kikionekana na kila mtu. Katikati ya matukio hayo Sephiroth anamuua Aerith, msichana aliyekuwa akiomba ili nguvu ya kuiokoa dunia iamke, na kisha anaizuia nguvu hiyo isitoke. Kilele kimefungwa pande zote mbili: maangamizi yameitwa na jahili, na wokovu umeshikiliwa na jahili.

Mhakiki mwenye jicho kali ataona dosari hapa. Inasemekana kwamba zimebaki siku chache kabla ya kimondo kuanguka, ilhali mchezaji anaweza kuendelea kushindana katika mbio za ndege wa kupandwa kwa muda wowote autakao. Kimondo kitamsubiri. Dosari hii inatufunza kuwa kichocheo cha kilele hakitoshi kuwepo. Sharti kitiiwe na wakati wa hadithi. Mtunzi wa tamthilia ana nafuu, kwa kuwa pazia halimngoji mtazamaji.

Metal Gear Solid ya Hideo Kojima, iliyotolewa na Konami mwaka 1998, ililitatua tatizo hilo kwa kubana nafasi na muda. Askari Solid Snake anaingia katika kisiwa kimoja cha Alaska ambako waasi wameteka mtambo wa silaha za nyuklia. Anapewa ushauri kwa redio na watu kadhaa, akiwemo mwalimu wake wa zamani. Anaelezwa kuwa kuna ufunguo wa kuuzima mtambo. Ufunguo huo hubadilika umbo kulingana na joto, kwa hivyo mchezaji analazimika kuupeleka mahali pa baridi kali, kisha mahali pa joto kali, akirudi na kuuingiza kila mara. Anapomaliza kazi hiyo ngumu, mtambo hauzimiki. Unawaka. Sauti ya mwalimu katika redio ilikuwa ya jahili mwenyewe, Liquid Snake, na ufunguo uliodhaniwa kuwa wa kuzima ulikuwa wa kuwasha.

Hiki ni kinaya cha hali ya juu. Kadiri mchezaji alivyokuwa na bidii na utiifu ndivyo alivyoukaribia msiba. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyehangaika na ule ufunguo, hawezi kusema kwamba kosa ni la Snake pekee.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1998, Nintendo ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Binti mfalme Zelda anamtuma kijana Link kukusanya vito vitatu ili mlango wa siri ufunguliwe na mwovu Ganondorf azuiwe. Mpango ni mzuri na nia ni njema. Link anaufungua mlango na kuung'oa upanga mtakatifu. Kwa kuwa bado ni mtoto, anatiwa katika usingizi wa miaka saba. Mlango umebaki wazi, Ganondorf anapita na kutwaa nguvu alizokuwa akizitamani. Link anapozinduka akiwa mtu mzima, nchi yake ni magofu. Baadaye tena, Ganondorf anamwachia Link aendelee na safari zake kwa sababu anajua kwamba hatimaye Zelda aliyejificha atajitokeza kumlaki. Anapojitokeza tu, anatekwa, na pambano la mwisho linaanza. Hata baada ya kushindwa, Ganondorf anatumia pumzi zake kuiangusha ngome ili awafukie waliomshinda. Jahili amekianzisha kilele mara tatu, na katika mara mbili za kwanza njia aliyoipita ni ile iliyosafishwa na shujaa.

Hatua ya tano: Amri katika sauti ya rafiki

Mwaka 2007 ilitoka BioShock, kazi iliyoongozwa na Ken Levine. Mwaka 1960 katika hadithi, ndege inaanguka baharini, na mwanamume aitwaye Jack anaingia katika mji uliojengwa chini ya maji. Mji huo ulianzishwa na tajiri Andrew Ryan, aliyeamini kwamba mtu huru hapaswi kumtumikia mwingine. Sauti ya mtu aitwaye Atlas inamwongoza Jack kwa redio, ikimwomba kwa maneno ya upole afanye hiki na kile. Mchezaji anatii. Kwa kawaida mchezo wa video hutoa maagizo, na mchezaji mzuri huyafuata.

Jack anapomfikia Ryan, ukweli unafichuka. Maneno yale ya upole ni amri iliyopandwa akilini mwa Jack tangu utotoni. Akiyasikia hawezi kukataa. Atlas ni Frank Fontaine, adui mkubwa wa Ryan, naye Jack ni mwana wa Ryan aliyetengenezwa kuwa chombo. Ryan, ili kuonyesha tofauti kati ya mtu na mtumwa, anamwamuru Jack amuue. Wakati huo mchezaji ananyang'anywa uwezo wa kuongoza. Vidole vyake havifanyi kazi tena, naye anatazama tu mkono wa mhusika wake ukiua.

Kile ambacho Kojima alikifanya kwa ufunguo, BioShock inakifanya kwa utiifu wenyewe. Hata hivyo, hatima haikuachiwa jahili. Baada ya Jack kuondolewa amri zile, mwisho wa hadithi hutegemea jinsi mchezaji alivyowatendea wasichana wadogo aliowakuta mjini humo: aliwaokoa au aliwaangamiza ili ajipatie nguvu. Kichocheo ni cha jahili. Hatima ni hesabu ya matendo ya mchezaji.

Undertale, iliyotungwa na Toby Fox mwaka 2015, ilisogea mbele zaidi. Mchezaji anapodhani kwamba amemshinda adui wa mwisho, ua moja lenye uso, liitwalo Flowey, linajitokeza, linamuua mfalme na kuzitwaa roho sita za wanadamu zilizohifadhiwa. Linaiharibu kumbukumbu ya safari ya mchezaji, na programu inajifunga yenyewe. Akiifungua tena, Flowey ndiye anayemkaribisha. Jahili ametoka ndani ya hadithi na kuushika mtambo unaoisimulia. Zaidi ya hayo, mchezo huohuo unamruhusu mchezaji aue kila anayekutana naye, na akifuata njia hiyo hugundua kwamba jahili anayekisukuma kilele ni yeye mwenyewe.

Mnasaba na fasihi ya Kiswahili

Msomaji asidhani kwamba mbinu hii ilizaliwa Japani. Fasihi iliijua zamani, na michezo ya video iliifikia kwa kujifunza upya. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969, Shailoki ndiye anayekilazimisha kilele. Antonio ameshindwa kulipa deni kwa wakati. Shailoki angeweza kukubali fedha zake mara mbili au tatu. Anapong'ang'ania ratili ya nyama, anaifanya kesi isiepukike, na ni ung'ang'anizi huohuo wa maneno ya mkataba unaompa Poshia nafasi ya kumshinda: nyama imetajwa, damu haikutajwa. Kichocheo ni cha Shailoki, hatima ni ya Poshia, na chombo ni kimoja.

Nacho kisa cha Fumo Liyongo, kinachosimuliwa katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, kina muundo unaokaribiana sana na ule wa Metal Gear Solid. Mfalme wa Pate hawezi kumshinda Liyongo kwa nguvu. Anamtumia mtoto wa Liyongo, ambaye anakwenda kwa babake kama mwana mwenye mapenzi na kuipata siri: sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anaitoa siri hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Jahili amekiandaa kifo cha shujaa, lakini silaha imetoka kwa shujaa. Hata hapo hatima haimtii mfalme kikamilifu. Liyongo anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Anayeuawa bado anawatisha waliomuua.

Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyochapishwa mwaka 2015 na kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya kwa miaka kadhaa, Majoka anaamuru Soko la Chapakazi lifungwe. Tujiulize: asingelifunga, je, Tunu angepata umati? Malalamiko ya wananchi yalikuwepo, lakini hayakuwa na mahali pa kukutania wala sababu moja ya kuwaunganisha. Majoka aliwapa vyote viwili.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Kutokana na mifano hii, twapendekeza kwamba mtahiniwa aulizwapo umuhimu wa mhusika mwovu ajiulize maswali matatu kabla hajaandika.

Kwanza, mhusika huyu ametenda jambo gani ambalo baada yake haikuwezekana kurudi nyuma? Kwa Kefka ni kuziondoa sanamu. Kwa Majoka ni kulifunga soko. Jibu lazima liwe tendo, wala si sifa. Ukatili ni sifa. Kulifunga soko ni tendo.

Pili, alitumia mkono wa nani? Yuko jahili anayetenda mwenyewe, yuko anayemtumia kibaraka, na yuko anayemtumia shujaa. Swali hili ndilo linalofungua mjadala wa kinaya na usaliti, na mtahiniwa hupata nafasi ya kutaja mbinu za uandishi bila kuzibandika tu.

Tatu, hatima ilimtii? Mara nyingi jahili hukianzisha kilele akitarajia mwisho fulani, kisha akapata mwingine. Pengo lililopo kati ya alichokitaka na alichokipata aghalabu ndimo dhamira ya mtunzi inamoishi.

Tulinganishe majibu mawili. Mtahiniwa wa kwanza anaandika: Majoka ni kielelezo cha viongozi madhalimu. Wa pili anaandika: kwa kulifunga Soko la Chapakazi, Majoka anawapokonya wananchi riziki na kuwapa sababu ya kuungana, mkutano unaomwangusha unafanyika mbele ya lango la soko lilelile, jambo linaloonyesha kwamba udhalimu hujichimbia kaburi. Wote wawili wameuona udhalimu. Wa pili ameusoma mchezo. Ameunganisha mhusika, msuko, kinaya na dhamira katika sentensi moja.

Tahadhari moja yafaa itolewe. Si kila hadithi ina jahili, na si kila jahili hukiamsha kilele. Zipo kazi ambamo shujaa mwenyewe ndiye anayekiita, na zipo ambamo ukame, njaa au sheria ya jamii ndiyo inayokisukuma. Mtahiniwa asilazimishe. Space Invaders inatukumbusha kwamba upinzani waweza kuwepo bila nia, na panapokosekana nia, swali letu la kwanza halina jibu.

Hitimisho

Tumefuatilia jinsi jahili wa michezo ya video alivyosafiri kutoka kwa sokwe anayerusha mapipa hadi kwa sauti ya rafiki inayoomba kwa upole. Mitambo ilipokua, watunzi walipata nafasi zaidi, lakini si ukubwa wa kaseti uliomfanya Kefka akumbukwe. Anakumbukwa kwa sababu alitenda jambo ambalo kila aliyebaki hai alilazimika kulijibu. Mwanafunzi anayecheza hadithi hizi tayari anaujua ukweli huu kwa vidole vyake. Kazi ya mwalimu ni kumpa istilahi za kuusema, ili siku ya mtihani asiandike kwamba jahili ni mbaya, bali aandike ubaya wake ulifanya nini.

Maswali ya kudurusu

1. Kwa kurejelea tamthilia uliyoisoma, tofautisha kati ya chanzo cha mgogoro na kichocheo cha kilele.

2. "Mara nyingi jahili hutumia mkono wa shujaa." Jadili kauli hii ukirejelea kisa cha Fumo Liyongo.

3. Chagua mhusika mwovu katika riwaya unayoisoma. Eleza msuko ungekuwaje endapo angeondolewa.